Ziara ya bure ya ploti kusini mwa Isinya: huduma safi, bidhaa yenye mashaka

Kampuni za kuuza ploti jijini Nairobi zina huduma moja ambayo Wakenya wengi wanaifahamu hata kama hawajawahi kuitumia, nayo ni ziara ya bure ya kwenda kuona ardhi. Mteja huacha namba yake ya simu kwenye tangazo, huambiwa afike ofisini Jumamosi asubuhi, hupandishwa basi dogo pamoja na wateja wenzake, hupelekwa shambani akaonyeshwa bikoni za mipaka ya ploti, hupewa soda na chakula kidogo, kisha hurudishwa mjini akiwa na fomu mkononi. Nimeitumia huduma hiyo kwa kampuni moja yenye mradi kusini mwa Isinya, Kaunti ya Kajiado, na ninaiandikia tathmini hii ili kumsaidia anayefikiria kununua, na pia kueleza huduma hiyo inayafanyia nini malisho yaliyobaki kati ya Nairobi na Namanga. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa utaratibu wake hautofautiani sana na wa wenzake, na yanayonikera hayakuanza nayo.

Nianze na sifa, kwa sababu zipo. Basi liliondoka kwa wakati uliotangazwa, jambo ambalo kwa Nairobi si dogo. Wakala aliyetuongoza alikuwa kijana mwenye adabu, aliyejibu maswali ya wazee bila haraka na aliyejua kutofautisha hati miliki, yaani uthibitisho wa umiliki, na barua ya mgao, ambayo ni ahadi tu ya kugawiwa ardhi, tofauti ambayo imewaponza wengi. Kabla ya kufika shambani tulikuwa tumekwisha kuonyeshwa nakala ya hati ya shamba zima, cheti cha upekuzi kutoka masjala ya ardhi, na ramani ya mgawanyo iliyochorwa na mpima ardhi mwenye leseni. Malipo yote hupitia benki, hakuna anayeombwa pesa taslimu, na mteja huelezwa kwa maandishi kwamba anaruhusiwa kuja na wakili wake. Anayekumbuka jinsi watu walivyolizwa na wauzaji wa ploti hewa ataelewa kwa nini mambo haya nimeyatanguliza. Kuhusu usalama wa pesa za mnunuzi, huduma hii ningeipa alama za juu bila kusita.

Mashaka yangu yanahusu kile kinachouzwa. Tulifuata Barabara ya Mombasa hadi Athi River, tukakata kulia kuingia Barabara ya Namanga, tukapita eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, tukapita Kitengela yenye maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyobanana pande zote mbili za lami, na hata baada ya nyumba za mwisho za mji huo ujenzi haukukoma bali ulitawanyika: hapa lango la chuma limesimama peke yake nyasini bila ukuta wowote kulishikilia, pale msingi wa nyumba uliomea magugu, kwingine kibao cha kampuni kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiahidi umeme, maji na hati iliyo tayari. Wageni wenzangu waliyatazama hayo kama dalili ya maendeleo. Mimi niliona ardhi ambayo si shamba tena na bado si mji, na sehemu kubwa yake itaendelea kuwa hivyo kwa miaka, kwa kuwa wanunuzi wengi hawana nia ya kuhamia. Wanaweka akiba kwenye udongo kama ambavyo wengine huweka benki.

Ploti ni ya kipimo kilichozoeleka, futi 50 kwa 100, kwa hiyo ekari moja hutoa saba au nane baada ya kutenga njia. Bei haikufika shilingi milioni moja. Kila pembe ina bikoni, yaani chuma kilichosimikwa kwenye zege, na hizi zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu juu ili zionekane nyasini. Katikati ya ploti niliyoonyeshwa palikuwa na njia nyembamba ya wanyama, imechimbwa na kwato hadi ikawa kama mfereji wa upana wa kiatu, ikiingia kwa pembe moja ya ploti na kutokea kwa nyingine. Niliifuata kwa hatua chache. Ilipofika kwenye ua mpya wa waya uliozunguka mradi mzima ilipinda, ikawa inaambaa na nguzo za zege kuelekea mashariki, na nyasi za upande huo zilikuwa zimeanza tu kukanyagwa. Nilimwuliza wakala ni njia ya nini.

"Ni ya mifugo tu, mzee," alinijibu. "Watu wakishajenga itajifuta yenyewe."

Huenda ilikuwa ya mifugo kweli. Lakini huwezi kutembea katika tambarare za Athi na Kaputiei bila kukutana na kinyesi cha pundamilia, na siku hiyo kilikuwepo, kikavu, ndani ya ua. Jambo ambalo wakala hakulitaja, na ambalo halimo katika kijitabu chochote cha kampuni nilichopewa, ni kwamba shamba hilo limo katika eneo ambalo kwa vizazi limekuwa nusu ya pili ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hifadhi hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua upande wa mji, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iliachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu wanyama wake hawakuwa wa kukaa ndani mwaka mzima. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia walitoka kwenda kwenye nyasi fupi za Kaputiei, zenye virutubisho vinavyofaa majike yanayonyonyesha na zisizomficha simba. Kiangazi kilipokaza walirudi hifadhini kwenye mito na mabwawa yasiyokauka. Tambarare hizo za nje ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Katika miaka ya 1970, hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha nyumbu kwa makumi ya maelfu. Waliobaki leo ni sehemu ndogo sana ya wale, na sababu kubwa haibishaniwi: ua, barabara, machimbo ya mawe na ploti.

Ndiyo maana orodha ya "manufaa ya mradi" niliyokabidhiwa iliniacha na hisia tofauti na zile ambazo kampuni ilikusudia. La kwanza katika orodha hiyo ni ua. La pili ni lango. Yanafuata barabara za changarawe, kisima na nguzo za umeme. Kwa mnunuzi, ua ni ulinzi wa mali yake. Kwa nyumbu anayetafuta njia ya kurudi Mbagathi, ni ukuta mmoja zaidi katika nchi iliyokwisha kujaa kuta. Ploti moja haizibi njia. Mradi wa ekari hamsini uliozungushiwa waya, ukipakana na mwingine wa ekari thelathini, ukipakana na shamba la maua, unaiziba kabisa, na kila kampuni inaweza kusema kwa haki kwamba si yake iliyoziba.

Simba nao wana habari zao, na ninashangaa kwamba muuzaji haoni umuhimu wa kumweleza mtu anayekusudia kuleta watoto na mbuzi. Mwezi Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mikuki karibu na Kitengela baada ya kuvamia zizi. Machi 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitangatanga hadi Isinya, umati ukamzunguka, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Kijana wa Kimaasai wa pembezoni mwa hifadhi, Richard Turere, alijulikana duniani kwa kubuni taa za kumwekamweka ambazo huwafukuza simba kutoka zizini, na uvumbuzi wake huo umewasaidia wafugaji wengi zaidi ya vijitabu vyote vya ploti vikiunganishwa.

Nitakuwa mnyimi wa haki nikimtupia lawama mfugaji aliyeuza. Jirani wa mradi, mwanamume wa makamo aliyekuja kukaa nasi kivulini wakati wa chakula, alinieleza kwamba sehemu ya shamba hilo ilikuwa ya ukoo wake. Mashamba ya vikundi ya Kajiado, yaani ardhi ambayo wafugaji waliimiliki kwa pamoja, yaliyoundwa chini ya sheria ya 1968, yalianza kugawanywa kwa wanachama mmoja mmoja, na shamba la Kitengela lilikuwa miongoni mwa yaliyogawanywa mapema, katika miaka ya 1980. Mara viwanda vya Athi River vilipopanuka katika miaka ya 1990, wanunuzi wakafika. Mtu mwenye hati yake mwenyewe huuza kidogo ugonjwa unapoingia nyumbani, huuza tena mtoto anapofika sekondari, na ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, uliwamaliza wengi waliokuwa wamejizuia. "Ng'ombe walikufa, mzee wangu, lakini karo haikufa," aliniambia. Aliuza kwa ekari. Sasa anaangalia ekari hiyo hiyo ikiuzwa mara saba na nusu mbele yake, na sikuona dalili kwamba kuna aliyemweleza hesabu hiyo mapema.

Nilipouliza habari za sheria ndipo huduma ilipoanza kuyumba. Kenya haikosi sheria za kulinda ardhi ya mashambani. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kila mgawanyo na kila uuzaji wa ardhi ya kilimo upate kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na inaitaka bodi hiyo ikatae kibali ikiwa mgawanyo unaelekea kupunguza tija ya ardhi. Nilisoma kifungu hicho mara mbili nikijiuliza ni malisho gani ambayo tija yake haipungui yanapokatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inautaka mgawanyo upate pia ruhusa ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 68, inaliagiza Bunge liweke viwango vya chini na vya juu vya ukubwa wa ardhi mtu anaoweza kumiliki. Mswada uliletwa mwaka 2015, ukaishia njiani. Zaidi ya hayo, Halmashauri ya Kaunti ya Olkejuado, kabla haijavunjwa na ugatuzi, ilikuwa imepitisha mpango wa matumizi ya ardhi kwa maeneo ya Kitengela, Isinya na Kipeto, uliotenganisha sehemu za makazi na za malisho na wanyamapori. Mpango huo uliandaliwa kwa ushirikiano na wenyeji wenyewe, jambo lililokuwa nadra wakati huo. Wakala hakuwahi kuusikia. Sikumlaumu, aliajiriwa kuuza. Lakini ofisini nako, nilipopiga simu wiki iliyofuata, aliyepokea alinihamishia kwa mwenzake, naye akanihakikishia kwamba "kila kitu kiko sawa", jibu ambalo kwa swali la mpango wa matumizi ya ardhi halina maana yoyote.

Kuna kipengele kimoja cha huduma hii ambacho ninaona kinahitaji kusemwa wazi zaidi kuliko vyote. Hati anayopewa mteja ni ya ardhi ambayo bado imesajiliwa kwa matumizi ya kilimo. Kibali cha kugawanya kimepatikana, lakini kubadilisha matumizi kuwa ya makazi ni mzigo wa mnunuzi, kwa gharama yake na kwa wakati wake, na habari hiyo nimeipata kwa kuuliza. Wakati huo huo, wakala alitutajia kama faida kwamba ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki wa ardhi, ni asilimia 2 badala ya asilimia 4, kwa sababu eneo liko nje ya manispaa. Kwa hiyo mbele ya mtoza ushuru ploti hiyo ni shamba, na mbele ya mteja ni mji unaokuja. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na anayelipia tofauti yake ni yule anayejenga: hakuna mfereji wa maji taka, hivyo kila nyumba huchimba shimo lake, kisima cha mradi kinapendeza kwenye picha, lakini maji ya visima virefu vya Kajiado katika sehemu nyingi yana chumvi na floraidi nyingi, na sikuonyeshwa matokeo ya upimaji wowote wa maabara, udongo ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao fundi yeyote wa eneo hilo atakuambia uuchimbe wote uutoe kabla ya kuweka msingi. Gharama hiyo ya msingi pekee inaweza kugeuza ploti ya bei rahisi kuwa ya bei ghali, na kijitabu hakina hata mstari mmoja juu yake.

Kwa haki, nilinganishe na huduma nyingine inayoihusu ardhi hiyo hiyo, ingawa wateja wake ni wengine. Tangu mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori uliosimamiwa na The Wildlife Foundation uliwalipa wenye mashamba kusini mwa hifadhi kiasi cha dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti kwamba wasiweke ua, wasilime, wasichimbe mawe na wasiwaue wanyama. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka ili yaendane na mihula ya shule, na huo ni ustadi ambao wauzaji wa ploti wangeweza kujifunza, kwani uliilenga haja ile ile inayomfanya mfugaji auze. Familia zilizojiunga ziliendelea kulisha ng'ombe wao palepale. Udhaifu wake unajulikana: fedha zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili akichelewa au akiondoka, karo haisubiri; na dola 4 haziwezi kushindana na mnunuzi anayekuja na malipo ya ekari nzima kwa mkupuo. Hata hivyo, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imezitambua hifadhi za jamii, na katika eneo hilo hilo la kusini mwa Mbagathi ipo hifadhi ya jamii ya Naretunoi, ambako wenye mashamba wameunganisha ardhi yao bila kuiuza. Ninaitaja kwa kuwa wakala alituambia kwa uhakika kabisa kwamba ardhi ya huko "haina kazi nyingine". Inayo, ila haina mtu wa kuitangaza kwa basi na soda.

Nayo serikali haijawa mfano mzuri kwa mtu binafsi. Reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyoanza kazi mwaka 2019, ilipitishwa juu ya hifadhi yenyewe kwa daraja la kilomita sita hivi. Serikali inapojenga katikati ya hifadhi ni vigumu kumwambia mwalimu mstaafu kwamba ploti yake ya thumni ya ekari ndiyo inayowaua nyumbu, na sitafanya hivyo. Ninachosema ni kwamba kampuni inayouza mamia ya ploti kwa mkupuo si mwalimu mstaafu. Inao wapima ardhi, inao mawakili, na ingeweza, katika shamba la ukubwa ule, kukusanya nyumba upande wa barabara na kuacha upande wa malisho bila waya, ikauza ploti chache zaidi kwa bei ya juu zaidi. Nilimwuliza wakala kama wamewahi kufikiria hivyo. Alicheka kwa heshima, akasema wateja wote wanataka ua.

Kwa jumla, anayetafuta muuzaji asiyemwibia ameshapata, na kwa hilo ninaipendekeza huduma hii. Anayetafuta mahali pa kuishi katika miaka michache ijayo namshauri atafute ndani ya mitaa ya zamani ya Kitengela au Ongata Rongai, ambako bei ni kubwa zaidi lakini maji, shule na barabara vipo tayari na hakuna malisho yanayokatwa kwa ajili yake. Anayenunua kwa ajili ya kuweka akiba tu ninamwomba afikirie chombo kingine, kwani ploti iliyozungushiwa ua na kuachwa tupu haimlishi mfugaji, haimpi mwenyewe makazi wala haiwaachii wanyama njia.

Mimi sikujaza fomu. Atakayeamua kwenda, aende na wakili, na akifika aombe mambo manne kwa maandishi: kibali cha bodi ya ardhi pamoja na tarehe yake, ruhusa ya kaunti ya kugawanya, matokeo ya upimaji wa maji ya kisima, na barua inayosema ardhi hiyo imewekwa katika sehemu gani ya mpango wa matumizi. Ikiwezekana aombe pia kupelekwa Aprili au Mei, mvua zikiwa zinanyesha, kwa sababu udongo ule mweusi unapolowa basi la kampuni halifiki hata langoni, na ndipo atakapojua atakuwa akitembea umbali gani kutoka lami akiwa amebeba mfuko wa saruji au mtoto mgonjwa.